Goti la mama limevimba peke yake na wanatafuta TB. Hizi dawa za baridi yabisi zinaleta vidudu gani?

#1 Kibosho Juu
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana baridi yabisi ya vidole na viganja, ile ya kinga kujishambulia yenyewe, sio ya uzee. Yuko kliniki hapa Moshi, anameza methotrekseti kila Jumapili na prednisoloni kila asubuhi, na kusema ukweli zilimsaidia maana kabla ya hapo hata vifungo vya blauzi nilikuwa namfungia mimi. Sasa tangu masika goti la kulia peke yake likaanza kujaa. Sio jekundu, sio la moto sana, limejaa tu. Wakaongeza prednisoloni wakijua ugonjwa umecharuka, likapoa kidogo afu likarudi kubwa kuliko mwanzo, na sa hivi jioni anatetemeka, nguo zinampwaya. Wamenyonya maji ya goti, kipimo cha kwanza hakikuotesha kitu. Juzi wamechukua kinyama cha ndani wanasema wanatafuta TB na vitu vingine. Vitu gani hawakusema, foleni ilikuwa mpaka nje.

Swali: TB ya goti inatokaje kwa mtu ambaye hakohoi, nyumbani hamna anayekohoa, na eksrei ya kifua safi? Dawa ndo zimeleta? Kuna mwenye ndugu anayemeza hizi dawa akapata ugonjwa wa ajabu ajabu? Maana brother wangu anataka tumwachishe zote tuhamie miti shamba.

#2 Mzee wa Kiti Kirefu
Nimekaa nasubiri madaktari wa humu, wale wa kweli na wale wa Gugo.

#3 Chalii wa Ngarenaro
Pole sana mkuu. Shangazi yangu hapa Chuga alikuwa na ugonjwa uo uo, prednisoloni ikamjaza mashavu tukawa tunamsifia amenawiri kumbe ni dawa. Afu akaota fangasi nyeupe mdomoni mpaka kooni akashindwa ata makande. Wakasema kinga imeshuka. Kwa iyo jibu langu ndio, zinaleta. Ila la goti sijawai sikia.

#4 Nesi wa Majengo
Mtoa mada, kabla ya yote mwambie brother wako atulie. Prednisoloni mtu akishaimeza muda mrefu HAIKATWI ghafla. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo, na mtu akiipata kwenye kidonge kila siku zile tezi zinalala. Ukikata leo presha inaanguka, anatapika, anazimia, na akiwa na maambukizi ndani ndo hatari zaidi. Inashushwa taratibu na anayemtibu. Methotrekseti ni habari nyingine, hiyo mtu akipata maambukizi makubwa mara nyingi inasimamishwa kwanza mpaka apone, ila hilo nalo aamue daktari wake sio sisi.

TB ya goti bila kikohozi inawezekana kabisa. Wengi tuliopita mabweni na daladala tulishavuta kile kidudu zamani, kinga ikakizuia, kikalala. Miaka mingi baadaye kinga ikishushwa kinaamka, na si lazima kiamkie kwenye mapafu. Kinaamkia uti wa mgongo, matezi, nyonga, goti. Shida ni kwamba goti la mtu mwenye baridi yabisi halishangazi mtu, kila likivimba linaandikwa ugonjwa uleule. Kiungo kimoja kikigoma peke yake wakati vingine vimetulia lazima maji yake yapimwe. Kwenu wamefanya, washukuruni.

#5 Profesa Jalala
Niongezee nyama hapo kwa Nesi. Vidudu vya TB vikiingia, seli za mwili zinavizungushia boma la miiba, na kuna protini inaitwa TNF ndo inashikilia ile miiba isidondoke. Wazungu wakatengeneza sindano za kuzima TNF kwa ajili ya baridi yabisi, infliximabu na wenzake. Boma likafunguka, watu 700 wakaugua TB ndani ya miezi michache. Ndo maana sa hivi huchomwi hizo sindano bila kupimwa TB kwanza.

#6 Mwanafunzi wa Longuo
Prof umeongeza sifuri. Ripoti ya 2001 ilikuwa wagonjwa 70, na karibu nusu yao hata wiki 12 kwenye dawa hawakuzifikisha. Cha ajabu ni kwamba 40 kati yao TB ilikuwa nje ya mapafu, na 17 ilikuwa imesambaa mwilini. Kwa mtu mwenye kinga nzima TB nyingi huwa ya mapafu, kwa hiyo hapo dawa ilibadilisha hata sura ya ugonjwa.

Ila mama wa mtoa mada hatumii infliximabu. Methotrekseti kwa dozi ya wiki haivunji kinga kiasi hicho, mimi mshukiwa wangu ni prednisoloni, hasa ikizidi miligramu 10 kwa siku na ikakaa. Mkuu anameza ngapi?

#7 Profesa Jalala
70 au 700, aliyeugua kaugua. Ahsante dogo, ukifaulu usitusahau.

#8 Kibosho Juu
Nesi asante sana, nimemsomea brother amenuna. @Mwanafunzi alikuwa miligramu 5, goti lilipovimba wakapandisha 20, sa hivi yuko 15.

#9 Laigwanani Mstaafu
Mmekimbilia TB kwa sababu ndiyo mnayoijua. Mimi nimefuga Monduli maisha yangu yote nawaambia, goti moja kuvimba, homa ya jioni inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kukonda, huo ni ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Brusela. Inapenda magoti, nyonga na mgongo wa chini. Kuna wazee kwetu walitibiwa baridi yabisi miaka kumbe ni hiyo, wakipewa vidonge vya kutuliza wanachangamka siku mbili tatu halafu wanaanguka tena. Muulize mama kama anakunywa maziwa mabichi au alizalisha ng'ombe.

#10 Kibosho Juu
Shikamoo mzee. Tuna ng'ombe wawili wa ndani na kuku. Maziwa ya chai yanachemshwa, ila mtindi mama anagandisha mabichi anasema yaliyochemshwa hayana utamu. Na mwaka jana ng'ombe mmoja alitupa ndama, mama ndo alivuta, mikono mitupu.

#11 Laigwanani Mstaafu
Marahaba. Sina la kuongeza.

#12 Mwanafunzi wa Longuo
Mzee ana hoja nzito lakini maziwa mabichi hayohayo yanabeba pia TB ya ng'ombe, na hapa Arusha ilishakutwa kwa wagonjwa wenye matezi ya shingoni. Kibaya ile aina ya ng'ombe haisikii pirazinamidi, ambayo ni mojawapo ya dawa nne za kuanzia TB. Kwa hiyo mtindi unaweza kuwa na hatia kwa kesi zote mbili.

#13 Dada wa Soweto
Mimi mmenigusa kwenye kuku. Kuna fangasi anaitwa histoplasma, anakaa kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi cha ndege au popo. Ukifagia banda la zamani vumbi linapanda unavuta. Mtu mzima mwenye kinga anaweza asijue hata kama aliugua, ila kwa anayemeza hizi dawa anasambaa mwilini, na kwenye eksrei anafanana na TB mpaka madaktari wanachanganyikiwa. Marekani mwaka 2008 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo kali kwa sindano za kuzima TNF kwa sababu hiyohiyo, wagonjwa walikuwa wanacheleweshewa dawa ya fangasi kwa kuwa hamna aliyewaza. Na msiseme ni ya huko, hapa hapa Moshi walishapima wagonjwa wa homa waliolazwa wakamkuta.

Kibosho, nani anafagia banda?

#14 Kibosho Juu
Mama. Alilisafisha lote kabla ya Pasaka, akang'oa mbao za chini.

#15 Mangi Dukani
Ng'ombe mshitakiwa wa kwanza, kuku wa pili. Mbuzi atafute wakili mapema.

#16 Mwanafunzi wa Longuo
@Dada wa Soweto hoja nzuri ila histoplasma kwenye goti ni nadra sana, na kuku mwenyewe haumwi, kinyesi chake ndo kinamlisha yule fangasi. Popo ndo anaweza kuambukizwa. Na haambukizi mtu kwa mtu. Lakini sawa, wakichukua kinyama waombwe wapake rangi ya fangasi pia, haigharimu sana.

#17 Mama Wawili
Mimi ndo mgonjwa mwenyewe, sio ndugu. Niko Sakina, nina baridi yabisi, nameza hizohizo. Nilipata mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge na moto usioelezeka, hata shuka likinigusa nalia. Lakini kilichoniumiza zaidi ni macho ya watu. Mtaani mkanda wa jeshi ni hukumu, wakiuona tu wanapeana ishara. Nilipima VVU, nikarudia, hamna. Mume wangu akapima, hamna. Ni virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni, vinabaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu afu kinga ikishuka vinatoka. Nilipoanzishwa dawa hakuna aliyenitajia. Ningejua ningekimbia mapema maana asiklovia inasaidia zaidi ukianza ndani ya masaa 72 tangu vipele vitoke, mimi nilikaa nyumbani napakwa vitu na mama mkwe nikijua ni buibui kanikojolea.

#18 Baba wa Kiborloni
Pole dada, ila tusidanganyane wengi wenye mkanda wa jeshi ni ngoma.

#19 Nesi wa Majengo
@Baba wa Kiborloni ndo maana mtu anapimwa, hahukumiwi na jirani. Umri ukipita 50 unaweza kuupata bila chochote, kansa inaleta, prednisoloni inaleta, na kuna vidonge vipya vya baridi yabisi vya kundi la JAK vinajulikana kabisa kwa kuongeza mkanda wa jeshi. Mama Wawili pole, maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona rudi kliniki, yana dawa yake.

#20 Kaunta ya Dawa
Nauza duka la dawa njia ya Himo. Mnaongelea popo wakati kuna kitu kiko kwenye kila shelfu. SEPTRINI. Mtu yuko kwenye methotrekseti, anapata kikohozi au mkojo unamuunguza, anakuja kaunta anaomba Septrini anapewa. Zote mbili zinazuia foliki, ile vitamini ya kutengeneza damu, kufanya kazi mwilini, na Septrini inafanya figo zichelewe kuitoa methotrekseti. Uboho unaacha kutengeneza damu, seli nyeupe zinashuka, mdomo unajaa vidonda, fizi zinavuja, na maambukizi yoyote yanayopita yanaingia. Kuna mama mmoja mteja wetu ilimkuta, alipewa duka jingine silitaji, akalazwa na kuongezewa damu, na nyumbani walishaanza kumpa dawa ya malaria. Ukiwa na mgonjwa wa methotrekseti ukifika kaunta yoyote TAMKA jina la dawa. Sisi hatuna jinsi ya kujua.

#21 Chalii wa Ngarenaro
Aisee. Sa mbona Septrini si ndo wanapewa watu wenye kinga ndogo ili wasipate nimonia?

#22 Mwanafunzi wa Longuo
Ndo utata wenyewe chalii. Kuna nimonia ya fangasi anaitwa pneumosisti, tuliizoea kwa wagonjwa wa UKIMWI, na inampata pia mtu aliye kwenye prednisoloni nyingi. Kinga yake ni Septrini. Mgonjwa akiwa kwenye methotrekseti pia, daktari inabidi achague njia nyingine au apime damu kwa karibu sana. Sio uamuzi wa kaunta.

#23 Fundi Bomba Unga Ltd
Naomba kuuliza kishamba, methotrekseti si dawa ya kansa? Mama mkubwa alipewa akaisoma kwenye Gugo akaitupa chooni.

#24 Kaunta ya Dawa
Ni ileile ila dozi tofauti mbali. Kwa baridi yabisi kwa kawaida ni kati ya miligramu 7.5 na 25 KWA WIKI, siku moja tu. Duniani watu wameshakufa kwa kuimeza kila siku kwa sababu ya maandishi ya kwenye bahasha. Jumapili ya mama wa mtoa mada ni nzuri, baada ya misa, haisahauliki. Na foliki asidi anameza siku nyingine kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu.

#25 Mangi Dukani
Na mbege kidogo baada ya misa?

#26 Nesi wa Majengo
Methotrekseti inapiga ini, pombe inapiga ini, dawa za TB nazo zinapiga ini. Mangi jaza mwenyewe.

#27 Msafiri wa Namanga
Hii ya brother kutaka miti shamba nisikilizeni. Baba mkwe alinunua unga mnadani, hauna jina, umefungwa kwenye karatasi. Siku ya pili tu mzee anatembea bila fimbo, ukoo mzima ukaagiza. Baada ya muda uso ukawa duara, tumbo likatoka, sukari ikapanda, kidonda cha mguu kikaoza bila homa, yaani hata joto la mwili halikupanda. Daktari akatuambia unga uliofanya kazi haraka hivyo ukute una deksa ndani, yaani deksamethasoni, ndugu yake prednisoloni. Hii sio Bongo tu, Marekani mwaka 2022 walitoa onyo kuhusu vidonge vya Artri King vinavyouzwa ni vya asili vya viungo, walipopima wakakuta deksamethasoni na diklofenaki humo ndani. Kwa hiyo unaweza kumwachisha mama prednisoloni ya hospitali umpeleke kwenye prednisoloni ya mnadani isiyo na kipimo.

#28 Meku Asilia
Tusichafue miti shamba yote kwa sababu ya matapeli. Babu zetu Kilimanjaro walikuwa na viungo pia na hawakumeza methotrekseti.

#29 Mangi Dukani
Meku wewe 2011 si ulikuwa kwenye foleni ya kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, umelala kwenye Noah?

#30 Meku Asilia
Shilingi 500 tu mangi, na mandhari nzuri. Tusitoke nje ya mada.

#31 Mbongo wa Leeds
Wakuu nipo huku Uingereza ila ni wa Machame. Dada yangu naye ana ugonjwa huu, kabla hawajamwanzishia sindano wakampima TB, homa ya ini B, VVU, hayo nilitegemea. Kilichonishangaza wakamwuliza ulikulia wapi, ulitembea peku? Wakatoa damu kutafuta mnyoo unaitwa strongiloidi. Unaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo, unakaa utumbo mdogo na unajizalisha humohumo, kwa hiyo unaweza kuubeba miaka na miaka bila kurudi kijijini. Kuna wanajeshi waliofungwa na Wajapani kule reli ya Burma kwenye vita vya pili, walikutwa nao miongo kadhaa baada ya kurudi kwao. Ukipewa prednisoloni wakati unao, wanazaliana kwa fujo, mabuu yanatoka utumboni yanabeba bakteria wa choo kwenye damu mpaka kwenye mapafu na ubongo. Hapo wengi hawaponi. Dada alikutwa nao, akameza ivamektini, mambo yakaisha. Hakuwahi kuumwa tumbo hata siku moja.

#32 Mpunga wa Chekereni
Sisi tunaoingia majaruba peku kila msimu si tumekwisha. Mi nameza albendazoli kila baada ya miezi sita inatosha?

#33 Mbongo wa Leeds
Albendazoli ya mara moja haiuwezi vizuri huo mnyoo, ivamektini ndo inauweza. Ile inayogawiwa kwenye kampeni za matende na usubi. Na choo cha kupima mara moja mara nyingi hakiuoni.

#34 Nesi wa Majengo
Mpunga, pale majarubani mimi ningeogopa pia mkojo wa panya, leptospira. Na hapa niwape kitu cha kwetu. Kuna utafiti ulifanyika Moshi 2007 hadi 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Walipopimwa sawasawa malaria ilikuwa kwa 14. Soma tena, 14. Waliobaki walikutwa na leptospira, homa ya Q, rikketsia ya kupe, brusela, chikungunya, bakteria na fangasi kwenye damu, na wengine hakikujulikana. Hao ni watu wa kawaida, sasa weka juu yake prednisoloni inayozima homa. Ndo maana tukisema "maambukizi ya ajabu" mimi sielewi ajabu ni ipi, mengi yapo tu hatuyapimi.

#35 Maji ya Chai Original
Mmesahau maji. Huku kwetu Ngurdoto na Maji ya Chai floraidi imezidi mno ile miligramu 1.5 kwa lita ya WHO, meno ya kahawia mnayaona, na ukinywa miaka mingi mifupa na viungo vinakakamaa. Magadi ya kupikia nayo yana floraidi. Kuna watu wanameza dawa za kushusha kinga wakati ugonjwa wao ni kisima. Mama alikulia wapi?

#36 Mwanafunzi wa Longuo
Floraidi ni kweli kabisa kwa viungo kukakamaa, ila haileti homa ya jioni wala haijazi goti moja maji. Na vidole vya mama vilipona kwa methotrekseti.

#37 Maji ya Chai Original
Sijasema inaleta homa, nimesema alikulia wapi.

#38 Baba wa Kiborloni
Mi naona mnaonea dawa. Rafiki yangu ana ugonjwa huu hajawahi kumeza kitu cha maana na anaugua nimonia kila mwaka. Ugonjwa wenyewe umevuruga kinga, dawa zinasingiziwa.

#39 Mwanafunzi wa Longuo
Hapa leo umenena. Hata bila dawa, mwenye baridi yabisi anapata maambukizi zaidi ya mtu mwingine, na ugonjwa ukiwa mkali ndo zaidi. Kwa hiyo dawa ikiutuliza inaweza kusaidia upande mmoja na kuharibu upande mwingine. Prednisoloni pia inapandisha sukari, na sukari nayo inakaribisha maambukizi. Kibosho, mama alipimwa sukari?

#40 Kibosho Juu
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Sukari iko juu kidogo, sio sana. Alizaliwa Kibosho, akaolewa Kibosho, maji ya mlimani, @Maji ya Chai pole. Majibu ya kinyama: GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya kidudu, haijaona TB. Kwenye hadubini wameona vivimbe vidogo wanaita granuloma. Rangi ya fangasi hawajaona kitu. Kipimo cha haraka cha brusela kimeonyesha "hafifu". Kuotesha TB bado, wanasema inaweza kufika wiki 8. Daktari anasema anaelekea kumwanzishia dawa za TB bila kusubiri, kesho tunaitwa.

#41 Laigwanani Mstaafu
Hafifu sio hapana. Nilisema.

#42 Profesa Jalala
Granuloma ndo lile boma langu. TB hiyo.

#43 Dada wa Soweto
Granuloma hata histoplasma anaweka, na kipimo cha fangasi kikikosa haimaanishi hayupo.

#44 Mwanafunzi wa Longuo
TB, brusela na fangasi wote wanaweza kuacha granuloma. GeneXpert kwenye kinyama cha kiungo inakosa TB mara nyingi tu kwa sababu vidudu vinakuwa vichache. Na kile kipimo cha haraka cha brusela kinajulikana kwa kusema ndio pasipo na kitu. Kwa hiyo majibu yote yamekuja na hamna aliyefungwa goli.

#45 Nesi wa Majengo
Kibosho, kesho ulizeni vitu viwili. Kwanza, rifampisini ya kwenye dawa za TB inafanya ini liimalize prednisoloni haraka, kwa hiyo dozi ya mama inaweza kuhitaji kurekebishwa, msishangae viungo vikianza kuuma upya mkadhani dawa za TB hazifanyi kazi. Pili, kama watawaza brusela, tiba yake mara nyingi ni doksisaiklini na rifampisini. Rifampisini ni ya TB pia. Ukimpa hiyo ya brusela peke yake kumbe ana TB, vidudu vinajifunza kuikwepa na hapo ndo unaanza safari ya TB sugu na hospitali ya TB ya Kibong'oto. Mzee Laigwanani usinune, ndo maana wanaanza na TB.

#46 Laigwanani Mstaafu
Sijanuna binti. Waombe damu ya kuotesha brusela kabla ya kumeza chochote, wakishameza haitaota.

#47 Nesi wa Majengo
Hiyo nakubali mzee. Waombe kesho asubuhi kabla ya dozi ya kwanza.

#48 Kibosho Juu
Nimeandika yote kwenye karatasi. Brother amekubali kuja kikaoni, na mtindi tumehamia wa kuchemsha, mama hasemi na mtu.

#49 Twiga Mfupi
Samahani kwa kudandia. Na mimi niko methotrekseti na adalimumabu, moja ya zile sindano za kuzima TNF, kazini wananituma Kampala wananidai kadi ya njano. Nichome tu chanjo ya homa ya manjano?

#50 Kaunta ya Dawa
USICHOME. Ile chanjo ina virusi hai, kwa dawa ulizonazo haifai. Nenda kliniki yako wakuandikie barua ya msamaha wa kiafya, inatambulika mipakani, uambatanishe na kadi.

#51 Twiga Mfupi
Asante. Safari ni Alhamisi, barua inatoka siku hiyohiyo?

#52 Kaunta ya Dawa
Inategemea na kliniki. Piga simu saa hizi kabla hawajafunga, na uulize kama bosi anaweza kutuma mtu mwingine, maana mbu wa huko hasomi barua.